Baraza la Bao
Anayehesabu mambo ya utamaduni wetu hutaja ngoma, mashairi na hadithi, na mara nyingi bao akalisahau. Wapo hata wanaoliita mchezo wa wazee wasio na kazi, nao hawalitendei haki. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, aghalabu komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi, ambazo huziingiza mojamoja katika hatua ya kunamua. Kete moja tu ikiingizwa yaweza kugeuza ubao mzima, na fundi huuona mwisho wa mzunguko kabla hajainua mkono.

Nilipohamishiwa pwani kufundisha, nikitoka Tabora, Kiswahili changu kilikuwa cha darasani. Cha watu nilijifunza barazani. Hapo walikaa mvuvi, karani mstaafu, mchongaji wa Kimakonde, Mhindi mwenye duka na mimi Mnyamwezi, ambaye kwa utani niliitwa mpagazi. Nilimwamkia Mzee mwenye ubao shikamoo, akaitika marahaba, kisha nikajitahidi kuila nyumba yake. Kumwachia kete kwa heshima ya umri kungekuwa ni kumtusi. Jioni moja dereva wa lori kutoka Uganda, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, aliomba nafasi. Kwao upo mchezo wa omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 vilevile. Alielezwa tofauti za kanuni, basi, na kabla ya usiku alikuwa akichekwa kama mwenyeji.

Hata hivyo baraza hilo lililopokea makabila na dini zote halikuwa na mwanamke. Niliambiwa kwamba wanawake hawapendi bao. Mimi naona jibu hilo lina walakini: mtu anayechota maji na kupika saa kumi na moja jioni, wakati wenzake wanacheza, hajapata nafasi ya kulipenda wala kulichukia.

Shuleni tulichonga mbao mbili, wasichana na wavulana wakacheza pamoja. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akawa hafungiki. Nilipomwombea nafasi barazani, Mzee alinyamaza kitambo, akasema, “Mwalimu, aje na kaka yake.”

Alikuja Jumamosi. Kaka yake alisinzia. Yeye alifungwa mara mbili, na mara ya pili Mzee alitumia muda mrefu mno kufikiri kuliko nilivyowahi kumwona. Mchezo wa tatu ulikatizwa na adhana ya magharibi. Tangu siku hiyo wamekuja wasichana wengine wawili. Mama wa nyumbani, bado hata mmoja.