Msimbazi Kabla ya Kuitwa Mtaro

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe. Unateremka kupitia Kinyerezi, Tabata, Vingunguti na Kigogo, unatanuka Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, kisha unaingia Bahari ya Hindi chini ya Daraja la Salenda, penye mikoko. Kijana wa Dar es Salaam akilisikia jina hilo huwaza kwanza klabu ya soka ya Simba, Wekundu wa Msimbazi, au noti nyekundu ya shilingi elfu kumi. Watani wao Yanga nao ni Wana Jangwani. Bonde moja limezipa majina ya utani timu mbili kubwa za nchi, lakini mto wenyewe vijana wengi wanauita mtaro.

Haukuwa mtaro. Wazee wa Ilala na Magomeni wanasimulia mto wa kuogelea, wenye mchanga safi na kambare waliojificha chini ya kingo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika jiji zima, na sehemu kubwa ya bonde ilikuwa minazi, mipunga na bustani. Nyumba zilikaa juu, penye ardhi kavu. Chini pakaachiwa maji.

Waliolijua bonde kuliko wote ni wakulima wa mchicha. Mkulima alichimba kisima kifupi pembeni mwa mto, maji yakachujwa na mchanga yenyewe, yakajaa kisimani yakiwa baridi. Matuta yalikuwa membamba, mkono ufike katikati bila kukanyaga. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zilichanganywa na mchanga mkavu ndipo zikamwagwa, zisiangukie mahali pamoja. Zikafunikwa kwa nyasi mpaka zichipue. Asubuhi na jioni mkulima alishuka kisimani na keni mbili, akapanda nazo zikiwa zimejaa, akamwagilia tuta baada ya tuta huku na huku kwa mikono yote miwili. Baada ya wiki tatu au nne mchicha uling'olewa na mizizi yake, ukafungwa mafungu, ukasuuzwa mtoni na kufika sokoni kabla ya jua. Fungu lilikuwa na harufu ya udongo mbichi. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Msimbazi.

Leo mchicha bado unalimwa bondeni, lakini mnunuzi anauliza kwanza umetoka wapi. Ana haki ya kuuliza. Watafiti wamepima maji, udongo na mboga za bonde hili mara nyingi na kukuta madini mazito, risasi ikiwemo. Madini hayo hayaondoki yote kwa kuosha wala kwa kupika, maana mengine mmea umeyanywa kwa mizizi. Inauma kwamba mboga ya bei nafuu, kitoweo cha mnyonge, ndiyo iliyokuja kutiliwa shaka.

Mto ulibadilika kwa njia mbili zilizokwenda sambamba. Ya kwanza ni namna mvua inavyoufikia. Penye msitu na shamba, mvua huzama ardhini na kutoka polepole kwa chemchemi, ndiyo maana mto huwa na maji hata kiangazi. Penye bati, saruji na lami, mvua haizami. Inakimbilia mtoni yote kwa saa chache. Jiji lilipotanda kuelekea Pugu, Msimbazi ukawa unafurika kwa kasi wakati wa masika na kubaki na maji kidogo mvua ikikatika. Maji hayo kidogo kwa sehemu kubwa ni majitaka.

Njia ya pili ni vitu vilivyoingizwa mtoni. Viwanda vilivyofunguliwa baada ya Uhuru vilihitaji mahali pa kumwaga maji yao. Dampo la jiji liliwekwa Tabata, na wakazi wakachoshwa na moshi na uvundo hadi wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Ushindi huo unastahili kukumbukwa, ingawa taka hatimaye zilihamishiwa Vingunguti, katika bonde lile lile. Wachimba mchanga nao walikula kingo, na mchanga uliolegea ukaenda kujaza mkondo huku chini. Mvua kubwa zikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo ili mafuriko yabebe uchafu.

Mpango kabambe wa jiji wa 1979 ulilitaja bonde hili kuwa eneo la hatari, lisilofaa makazi. Karatasi ilisema hivyo, lakini sensa ya 2002 ilikuta jiji lina watu karibu milioni mbili na nusu, na maskini alijenga palipokuwa na nafasi. Kumlaumu yeye peke yake ni dhuluma.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Makumi ya watu walifariki na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Baadhi walirudi. Mwisho wa 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye nyumba za bondeni, kisha bomoabomoa. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, na karakana yake Jangwani ikawa inaingiliwa na maji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili. Nyumba nyingine zimebomolewa kuupisha mradi, safari hii wenyewe wakilipwa fidia.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Huko juu, Kinyerezi na Pugu, nyumba mpya zinaezekwa bati kila mwaka, na maji ya mapaa hayo yakishaingia Msimbazi yana njia moja tu ya kwenda baharini, nayo inapita Jangwani.