Shamba Lenye Mandhari

Ukitoka Dar, basi likishakata kulia pale Mombo, abiria huanza kufunga madirisha mmoja mmoja. Ni kilomita 33 hadi Lushoto, kona juu ya kona, na joto la bondeni hukuacha mahali fulani kabla ya Soni. Nilipokuwa mdogo nilijua tumekaribia kwao baba pale mama alipotoa masweta kwenye begi. Julai iliyopita nilipanda peke yangu, nikiwa na sweta na karatasi ya kusaini.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia sehemu yake ya shamba la familia, si mbali na Irente. Shamba lenyewe si kubwa. Ni ekari moja na nusu ya maharage na mahindi, na limeinama kiasi kwamba jembe likikuponyoka unalifuata chini. Ila linaishia ukingoni mwa mlima. Baada ya hapo hakuna kitu, hewa tupu, halafu mamia ya mita chini yake bonde la Mazinde na mkonge uliopandwa kwa mistari kama daftari.

Kuna mtu anataka kujenga hoteli ndogo hapo. Kwenye mkataba ameandika “shamba lenye mandhari”. Baba mkubwa alilirudia neno hilo akicheka. “Mandhari! Miaka yote tunalima maharage, kumbe mali iko pembeni ya shamba.” Kisha akaacha kucheka. Mwanawe wa mwisho amepata nafasi chuoni, na magoti yake mwenyewe hayapandi tena ule mlima na debe la mahindi kichwani. Sikuwa na jibu kwa magoti yake.

Wala siwezi kujifanya simwelewi mnunuzi. Mimi ndiye ninayewasumbua marafiki zangu kwa picha za Usambara. Nawaeleza kwamba milima hii ni ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, na kwamba misitu yake ni ya kale na imetengana kiasi kwamba ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Nawaeleza kuhusu ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani wa Tanga alilipeleka kwao mwaka 1892, likaishia madirishani mwa watu Ulaya nzima. Na kuhusu vinyonga wa hapa, ambao wanasayansi wamewaweka kwenye jenasi inayoitwa, kwa Kiswahili kabisa, Kinyonga. (Bibi akimwona mmoja hukimbia.) Haya yote nimeyajua kwa kusoma. Kisambaa sikijui. Bibi hunisalimu kwa Kisambaa, namjibu kwa Kiswahili, naye hutabasamu kwa upole unaoniuma kuliko angenisema.

Hata Mbegha nilikutana naye maktaba ya chuo, kwenye Habari za Wakilindi: mwindaji aliyetoka Ngulu, akaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mazao, akagawa nyama, mwishowe Wasambaa wakamfanya mfalme. Usiku ule jikoni baba mkubwa alimgeuza kuwa wakili wake. “Mbegha naye alikuwa mgeni,” alisema. “Alikuja na nyama, tukampa nchi.”

Shangazi alikuwa anamenya viazi. “Mbegha aliua nguruwe kwanza,” alisema bila kuinua kichwa. “Huyu wako kaua nini?”

Asubuhi bibi aliniomba nimsindikize shambani. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata ukingo hatukuuona, tukaketi tu juu ya jiwe. Nikamuuliza kama anapapenda mahali pale. Swali la mtu wa Dar.

Akasema babu alikuwa anashuka kukata mkonge, mwezi mzima, na jioni ya siku ya mshahara yeye alikuwa anakuja kusimama hapa.

“Kumwangalia akipanda?”

“Kuangalia kama amevaa shati.”

Babu alikuwa na shati jeupe moja. Doa jeupe likionekana kule chini njiani, basi kuna chumvi na mafuta ya taa. Lisipoonekana, amepitia kilabuni na shati limebaki huko. Bibi alikuwa na muda wote ule wa mlima kuamua atampokeaje.

Ukungu ulipoanza kupasuka, alitokea kijana mmoja anayeongoza wageni, nyuma yake wazungu wawili wenye mabegi, wakielekea Mtae kwa miguu. Walisimama, wakashangaa kama ninavyoshangaa mimi kila mara, wakatoa simu. Bibi akainuka na kusogea kando ili asiwazibie.

Walipoondoka alirudi kwenye jiwe lake.

“Ile karatasi umekuja nayo huku?” aliuliza.

“Ninayo mfukoni, bibi.”

“Ifunike basi. Umande utailowesha.”

Nilirudi nayo Dar. Baba mkubwa amepiga simu mara mbili wiki hii. Chuo kinafunguliwa Oktoba.