Usiniulize Trekta Ni ya Farasi Wangapi

Kila nikipiga picha ya trekta ndogo kwenye mashamba ya mpunga huku Ahero, swali la kwanza huwa lile lile: "Hiyo ni ya farasi wangapi?" Vijana wanauliza, wazee wanauliza, hata jamaa wa boda aliyenibeba kutoka stendi anauliza kabla hajanirudishia chenji. Hakuna anayeuliza ni nini kimefungwa nyuma. Na mimi nasema, kwa heshima zote, hapo ndipo pesa za watu wetu zinapopotelea.

Trekta peke yake ni injini yenye magurudumu. Haiwezi kukulimia hata futi moja. Kinacholima, kinachobeba, kinachosukuma ni kile kifaa ulichokifunga. Ukikosea hapo, hata ukiwa na farasi mia, utachoma dizeli tu na kuwapa majirani kitu cha kutazama.

Nasema haya kwa sababu mwaka huu suala hili liliingia nyumbani kwetu. Chama cha mama yangu kina wanawake kumi na wawili, kila mmoja ana kipande chake cha mpunga. Kijana wa mmoja wao ana trekta ndogo ya farasi 25 na rotaveta, na huwalimia kwa bei ya kijamaa. Chama kilikuwa kimeweka akiba mwaka mzima ili kinunue kifaa kimoja zaidi. Kimoja tu. Pesa hiyo ikiliwa na kifaa kibaya, hakuna nyingine mpaka mavuno mengine, na mavuno yenyewe huombewa.

Kikao kilikuwa moto. Wengine walitaka plau ya sahani, kwa sababu ikipita barabarani kila mtu anajua kuna mkulima amepita. Wengine walitaka tela. Mama, ambaye kwa kawaida huongea mwisho, akasema: "Shida yetu si kulima. Shida yetu ni maji hayakai sawa."

Watu wangu, hiyo sentensi ni ya bei ghali. Wacha nieleze.

Mpunga wetu unakaa ndani ya maji. Kama kipande kina kilima hapa na shimo pale, miche ya kilimani inakauka na magugu yanaishangilia, na miche ya shimoni inazama. Dawa ya wengi ni kuongeza maji mpaka kilima kifunikwe. Sasa piga hesabu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Sentimita moja tu ya maji juu yake ni zaidi ya lita 40,000. Ongeza sentimita tano ili ufunike kilima kimoja, umemwaga lita laki mbili. Na maji ya Ahero hayaji yenyewe: yanapigwa kwa pampu kutoka mto Nyando, kama vile West Kano inavyopiga kutoka ziwani. Pampu ni umeme, na umeme ni bili. Kwa hivyo kile kilima kidogo unachokidharau kinakunywea pesa kila msimu.

Plau ya sahani haitakusaidia hapo. Inapindua udongo na kukuachia mabonde mapya. Rotaveta inasaga tope vizuri, lakini haihamishi tope kutoka mahali pa juu kwenda pa chini. Chama kilihitaji kitu cha kusukuma.

Hapo nikamkumbuka binamu yangu aliye Minnesota. Huko majira ya baridi yeye husafisha theluji kwenye maegesho ya magari, na trekta yake ni ndogo tu, kama hii yetu. Mbele amefunga sanduku la chuma lisilo na mfuniko wala sakafu: ukuta mmoja mrefu, na pande mbili fupi zinazoelekea mbele. Nilimpigia, nikamuuliza kwa nini asitumie bamba la kawaida lisilo na pande. Akasema bamba linaachia theluji itoroke pembeni, kwa hivyo kila ukipita unaacha tuta kulia au kushoto, kisha unarudi kufukuza tuta lako mwenyewe. Pande za sanduku zinashikilia mzigo mpaka ufike unapotaka kuuacha.

Si ndiyo kazi yetu hiyo? Toa tope kilimani, lishikilie, liachie shimoni.

Lakini huwezi kubeba kifaa cha theluji ukakitupa Kano hivi hivi. Theluji mpya iliyo kavu inaweza kuwa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Tope linapita kilo 1,500. Sanduku ambalo binamu analijaza bila wasiwasi lingeisimamisha trekta yetu hapo hapo, magurudumu yakizunguka bure. Kwa hivyo letu lilibidi liwe fupi kwa kimo, kama sentimita 30, ili lisibebe kupita kiasi.

Upana nao una sheria yake. Lazima upite upana wa magurudumu, la sivyo utaacha alama za matairi kila mahali. Ukizidisha sana, mzigo unaishinda trekta. Kwa trekta ya farasi 25 tuliona futi sita zinatosha.

Tofauti kubwa ni mahali pa kulifunga. Kwa binamu linakaa mbele, kwa sababu hataki kukanyaga theluji kabla ya kuiondoa. Ikikanyagwa inashikana na barabara. Kwetu linakaa nyuma, kwenye ile mikono mitatu ya kunyanyulia, pande zake zikielekea kwa dereva, kwa sababu tunataka lifute mikwaruzo ambayo magurudumu yameacha. Yeye anasukuma, sisi tunakokota. Sanduku ni lile lile, lakini ardhi ndiyo imeamua.

Basi hatukununua dukani. Mafundi wa jua kali pale Kibuye wakatuchomea la chuma, na ukingo wa chini wakafunga bomba la mviringo badala ya makali. Makali yangechimba mpaka ile sakafu ngumu iliyo chini ya tope, na sakafu hiyo ndiyo inayozuia maji yasizame na trekta isizame. Bomba linateleza juu ya tope. Pesa iliyobaki ikanunua magurudumu ya chuma ya kuvaa kando ya matairi, yale yanayofanana na kizimba cha kuku. Ndiyo, yalikuwa ya lazima. Kusukuma hakutegemei injini peke yake, kunategemea jinsi gurudumu linavyoshika chini, na udongo mweusi wa Kano ukilowa ni sabuni.

Matumizi yake nayo yana adabu yake. Rotaveta inatangulia. Kisha unaacha maji kidogo tu, kiasi kwamba vilima vinachungulia kama visiwa. Maji yakiwa mengi huoni kitu. Gia ya chini, mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Unashusha sanduku kwenye kisiwa, linajaa, unaelekea kwenye dimbwi, na ile mikono ya nyuma unaiacha ielee bila kuikandamiza. Likifika shimoni tope linashuka lenyewe. Usikate kona kali ukiwa na mzigo. Maji yakishafunika kila mahali sawasawa, toka. Ukizidi kukokota unatengeneza uji.

Na tafadhali, wazazi: kwenye ubao wa ng'ombe tumezoea kuona mtoto amekaa juu ili kuongeza uzito. Kwenye trekta hapana. Uzito ukihitajika, funga mfuko wa mchanga. Mtoto akiteleza huko nyuma, dereva hatasikia kelele zake.

Kuna jambo lililonisumbua, sitalificha. Yupo jaduong' ambaye kwa miaka mingi amewasawazishia akina mama hawa kwa ng'ombe wake wawili. Sanduku letu lilikuwa linakula ugali wake. Mama alienda kwake mwenyewe kabla ya siku ya kwanza. Akarudi na jibu lake: "Mwambie huyo mtoto trekta haina macho." Alikuwa na haki. Yeye anakijua kila kipande, anajua wapi maji husimama na wapi hukimbia. Sasa chama kinamlipa asimame kwenye tuta na fimbo yake, amwonyeshe dereva pa kuanzia na pa kuachia. Zile kona ambazo trekta haiwezi kugeuka bado ni za ng'ombe wake. Si malipo yale ya zamani, na sitawadanganya kwamba ni sawa. Lakini mashine ikija bila kuongea na mtu wa namna hiyo, inakuja kipofu.

Wengine mtaniuliza kama sanduku hili linaweza kusukuma gugu maji pale Dunga. Hapana, omera. Gugu maji karibu lote ni maji, na sanduku lingebeba maji bure. Huko unataka reki yenye meno mapana, maji yachuruzike, majani yabaki. Lakini matope ambayo mafuriko huacha kwenye nyua na njia za Nyando, kama mwaka 2020 na tena 2024? Hapo ndiyo. Geuza trekta, sukuma kinyumenyume polepole, utaokoa watu siku kadhaa za koleo.

Ndiyo maana nawaomba mbadilishe swali. Kabla chama chenu hakijatoa hata shilingi, nendeni shambani mkaulize: mzigo wetu ni nini, una uzito gani, unatoka wapi kwenda wapi, na chini yake kuna nini? Mkishajibu hayo, kifaa kitajitaja chenyewe, na mara nyingi kitakuwa cha bei nafuu kuliko kile mlichokitamani. Farasi wahesabiwe mwisho.