Mganga wa Usingizi

Jumapili moja baada ya Misa tulikusanyika barazani kwa kaka yetu mkubwa, hapa Kavumu, ili tuamue jambo la fedha. Mtoto wake wa kwanza, aliye daktari, alikuwa ametuletea habari ya mtihani. Haukuwa mtihani wa Serikali wala wa Chuo Kikuu, kwa maana hiyo alikwisha kuishinda, bali mtihani wa mataifa kwa madaktari wanaowalaza wagonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa na kuwalinda walio mahututi. Aliomba jamaa tumsaidie ada na nauli. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao akauliza lile lililokuwa moyoni mwa wengi: "Mtoto wetu, umesoma miaka hii yote, na sasa wataka kusoma tena ili uwape watu usingizi tu? Kisu utakishika lini?"

Hata sisi tungaliuliza hivyo hivyo, lau tusingaliona tuliyoyaona kwa macho yetu.

Zamani kidogo, kijana huyu alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari, mama yake alishikwa na uchungu wa uzazi usiku, na mtoto akakataa kutoka. Tulimchukua kwa machela hata hospitali, ambayo jina lake hatutalitaja. Ilikuwa lazima apasuliwe. Muuguzi mmoja tu ndiye aliyejua kazi ya usingizi, na usiku ule alikuwa na wagonjwa wawili katika vyumba viwili. Mtoto akatolewa salama, tukasikia kilio chake, tukamshukuru Mungu. Lakini mama hakuamka. Midomo yake iligeuka rangi ya samawati, na kifua kikatulia kama jiwe. Muuguzi akaja mbio, akamtia mpira kooni, akaunganisha mfuko wa kupulizia hewa, akaanza kuuminya kwa mkono. Mashine ya kupumulia haikuwapo, na umeme ulikuwa umekatika. Alipoitwa tena chumba cha pili, alitutazama sisi jamaa tuliosimama mlangoni, akasema: "Njoni, niwaonyeshe. Minyeni, hesabuni polepole, acheni, minyeni tena. Msikome."

Tuliminya kwa zamu mpaka alfajiri. Mkono ulipokufa ganzi, mwingine alipokea. Kijana yule naye alipewa zamu yake, akampulizia mama yake hewa, machozi yakimtiririka, wala hakupoteza hesabu hata mara moja. Kulipopambazuka mama alikohoa, akafungua macho. Yu hai hata leo, na siku ile ya baraza yeye ndiye aliyetupikia maharage.

Katika nchi za jirani, wazee wa Tanganyika waliita usingizi huu nusukaputi. Zamani tulidhani ni neno la kuchekesha. Tangu usiku ule halituchekeshi.

Yafaa tueleze kidogo, kwa ajili ya wale wasiojua. Usingizi wa hospitali si usingizi wa kitandani. Dawa huondoa maumivu na fahamu, na mara nyingine hulegeza misuli yote ya mwili, hata ile ya kuvuta pumzi. Basi huyo aliyemlaza mgonjwa hupumua kwa niaba yake. Hutazama moyo, mpigo wa damu, hewa iliyomo katika damu, joto na mkojo, hupima dawa kwa kadiri ya uzito, na haondoki kichwani pa mgonjwa mpaka aamke. Mpasuaji hutazama jeraha, huyu hutazama uhai. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asile kabla ya kupasuliwa: chakula kikipanda kooni naye hana fahamu, huingia mapafuni na kuweza kumwua. Akina mama, mkiulizwa kama mtoto amekula, semeni kweli. Tumeona mama akificha kipande cha muhogo kwa kuogopa kukemewa.

Wako Wakristo waliodhani kwamba kukimbia maumivu ni kukimbia msalaba. Papa Pius wa 12 aliwajibu madaktari wa kazi hii mwaka 1957, mara mbili. Mwezi wa Februari aliwaambia kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa. Mwezi wa Novemba aliulizwa juu ya mashine za kupumulia, naye akafundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, lakini halazimishwi njia zilizopita kawaida. Shemeji yetu anapenda sana habari hiyo, ingawa yeye husema kwamba njia yake ilikuwa ya kawaida kabisa, yaani mikono ya mashemeji.

Na mikono hiyo ina historia kubwa kuliko tulivyojua. Kijana wetu ndiye aliyetusimulia. Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliwashambulia watu wa Copenhagen katika nchi ya Denmark. Wagonjwa walikuja wengi mno, mapafu yao yameshindwa, na mashine zikawa chache. Daktari mmoja wa usingizi, jina lake Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe koo, waingizwe mpira, na wapulizwe hewa kwa mfuko. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakaminya mifuko kwa zamu mchana na usiku, majuma mengi, na vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata kikafunguliwa huko chumba cha pekee cha wagonjwa mahututi, na kutoka hapo kazi hiyo ikaenea duniani. Tuliposikia hayo tulitazamana, sisi tuliominya gizani bila kujua kwamba tulikuwa na wenzetu.

Sasa twende kwenye mtihani wenyewe. Unasimamiwa na Chama cha Ulaya cha madaktari wa usingizi na wa wagonjwa mahututi, chenye makao yake Bruxelles, na ulianza mwaka 1984. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuandika, yenye karatasi mbili za maswali 60 kila moja, na chini ya kila swali yako maneno matano, na kila neno mtahiniwa hujibu "kweli" au "si kweli". Hesabuni wenyewe: majibu 600 kwa siku moja! Karatasi ya kwanza ni ya elimu ya msingi, kazi ya moyo, mapafu na figo, nguvu za dawa, hata fizikia ya gesi na hesabu. Ya pili ni ya kazi yenyewe na ya mahututi. Twashukuru kwamba yaweza kufanywa kwa Kifaransa. Akishinda hiyo, ndipo huitwa kwa mtihani wa mdomo, mara nne, dakika 25 kila mara, mbele ya walimu wawili wawili. Wao huuliza, yeye hujibu, wala hapana pa kujificha.

Kwa upande wa mashariki kiko Chuo cha madaktari wa usingizi wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, ambacho nacho hutahini na kutoa shahada kwa madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine. Lakini lugha yake ni Kiingereza, na kijana wetu amesoma yote kwa Kifaransa.

Mzee aliyeuliza juu ya kisu alikwisha kutulia. Ndipo shangazi akaleta swali lililo gumu zaidi: "Akiipata hiyo karatasi ya Ulaya, atarudi Kavumu?"

Hapo baraza lilinyamaza. Twajua wote wangapi wameondoka. Shirika la dunia la madaktari wa usingizi lashauri pawe na madaktari watano wa namna hiyo, angalau, kwa kila watu 100,000. Katika Kongo yetu hatufikii hata mmoja. Kazi karibu yote imebebwa na wauguzi, watu kama yule wa usiku ule, aliyekuwa na roho mbili mikononi katika vyumba viwili. Akiondoka daktari mmoja hapa, pengo lake si la mtu mmoja.

Kijana hakuapa. Jambo hilo lilitupendeza, kwa maana kiapo cha barazani ni chepesi. Alisema kwamba karatasi hiyo peke yake haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi Ulaya, kila nchi ina sheria zake, na kwamba yeye aitaka kwa sababu nyingine. Hapa, alisema, hana mkubwa wa kazi yake wa kumwambia amekosea. Mgonjwa akifa, hajui kama ni ugonjwa au ni yeye. Anataka apimwe kwa kipimo kile kile wanachopimwa wenzake wa Paris na Madrid, ili awafundishe wauguzi bila kuwapotosha. Shangazi akamjibu: "Umesema vizuri. Lakini hukujibu." Naye akakubali kwamba hakujibu.

Liko tena jambo la njia. Uwanja wa ndege wa Bukavu uko hapa hapa Kavumu, tumekua tukisikia ngurumo zake. Lakini tarehe 14 Februari 2025 ulitwaliwa na wapiganaji wa M23, na siku mbili baadaye wakautwaa mji wa Bukavu. Kwa hiyo katika hesabu yetu ya nauli tuliandika safari ya kuvuka Ruzizi na kupita Kigali, pamoja na visa, ambayo yaweza kukataliwa hata fedha ikiwapo.

Tulichanga. Kaka yetu aliuza mbuzi wawili, sisi tulitoa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa mabati, na shangazi, baada ya maneno yake yote, alitoa zaidi ya wengine. Mzee wa kisu alileta mkungu wa ndizi, akasema uuzwe.

Sasa kila jioni kijana hukaa na kitabu chini ya taa, nasi twamsomea maswali, ingawa Kifaransa chake hatukielewi nusu. Twasoma neno, yeye hujibu "kweli" au "si kweli", twatazama nyuma ya kitabu. Juma lililopita mama yake alikuwa akichambua mchicha pembeni. Akauliza, bila kuinua macho: "Usiku ule nilipolala, nilisikia mtu akihesabu. Je, mtu aliyelala hivyo aweza kusikia?"

Alikifunga kitabu, akasogeza kiti karibu na mama yake, wakazungumza mpaka mafuta ya taa yakaisha.