Alteneta ya Corolla kwenye Land Rover ya Mkonge: Barua Kutoka Korogwe

Shemeji yangu mpendwa,

Nimefikia Korogwe, Manundu, mjini kabisa, na joto la bonde la Pangani unalijua, kwa hiyo nakuandikia usiku kukiwa kumepoa. Ujumbe wako niliupata nikiwa bado Dar: je, lile gari la marehemu mzee, MGB, ulifunge alteneta, au uliache na dainamo iliyotoka nalo kiwandani Uingereza? Nilikuahidi kuwauliza mafundi wa huku. Bahati ikanipendelea zaidi ya hapo, kwani nimeishuhudia kazi yenyewe tangu boneti ilipofunguliwa. Jibu langu nalitanguliza: funga alteneta. Lakini usiishie hapa, maana ikifungwa vibaya itaungua siku hiyo hiyo.

Tuliondoka Dar alfajiri, tukapita Chalinze na daraja jipya la Wami, ambalo limetuondolea ule usumbufu wa kusubiriana kwenye daraja jembamba la zamani, hadi Mkata kwenye machungwa. Hapo niliteremka, nikashika njia ya kushoto kwenda Handeni, kilomita 54 za lami. Wewe uliyeipita barabara hiyo enzi za vumbi ungefurahi.

Shughuli za familia Handeni dada atakusimulia. Jambo lako wewe nililikuta limeegeshwa chini ya mwembe: Land Rover Series IIA ya kijani kilichopauka, injini ya petroli ya cc 2,286. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, akainunua shamba lilipouza magari yake chakavu. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za gari, na tangu hapo hakunyamaza, nami sikutaka anyamaze. Mazungumzo na wazee wa mkonge yana raha yake, shemeji. Zao hilo liliingia nchini 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba katika miche elfu moja aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe 1902. Magari kama hili yakaja baadaye kuzungukia mashamba ambayo mtu angeyatembea kutwa nzima asiyamalize.

Kilio cha mzee kilikuwa usiku. Sasa hivi gari linabeba mahindi kutoka vijijini, na mara nyingi linarudi jua limeshazama. Akikanyaga mafuta taa zinang'aa, akiachia zinafifia. Kwenye korongo lenye mawe, mahali anapouhitaji mwanga kuliko popote, ndipo anapokwenda polepole na ndipo mwanga unapomkimbia. Asubuhi betri haina nguvu, vijana wa mtaa wanaitwa kusukuma. Siku hiyo alikuwa anakwenda Korogwe kwa fundi umeme aliyempatia alteneta ya mtumba, akaniambia nipande.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, unapita Sindeni, na ukikaribia mwisho milima ya Usambara inakujia mbele. Tulikwenda taratibu. Njiani nilipiga hesabu ya umeme wa gari lile, nawe ipige kwa MGB yako, maana kwenye jambo hili zimezaliwa tumbo moja. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye Land Rover za wakati ule na kwenye MGB za mwanzo, mwisho wake ni ampea 22. Taa mbili za mbele za wati 60 kila moja zinakula ampea 10. Ongeza taa za nyuma na za dashibodi, waipa, umeme wa kuchoma petroli, honi, halafu simu mbili zinazochaji. Unaukaribia ukomo, na hapo tunazungumzia dainamo inayozungushwa kwa kasi nzuri. Injini ikiwa saileni, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, dainamo haitoi kitu, gari linaishi kwa betri.

Watu wana mazoea ya kuwacheka Lucas na vifaa vyao. Mimi sikubaliani nao. Dainamo iliyotengenezwa Birmingham, ikala vumbi la mkonge na la Handeni kwa zaidi ya nusu karne, na bado inazunguka, haistahili dharau. Ilitengenezwa kwa ajili ya gari la taa hafifu linaloendeshwa zaidi mchana. Maisha yetu ndiyo yaliyobadilika.

Gereji yenyewe ni kivuli, meza ya mbao na mashine ya kuchomelea. Fundi ni kijana wa makamo, maneno machache. Alteneta aliyoiandaa imetoka kwenye Toyota Corolla, ampea 70, na imebeba kidhibiti chake ndani. Nilidhani ataanza kufungua dainamo. Badala yake alichukua mita akaenda kwenye betri, akafuatisha waya mnene unaoshuka kwenye chesesi.

"Mzee, gari lako bodi ni chanya."

Hapa ndipo uweke akili yako yote, shemeji. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yaliunganishwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari yote tunayoyajua leo. MGB iliendelea hivyo hadi 1967. Alteneta inageuza umeme wake kwa dayodi, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukiiunganisha kinyume, hata kwa kugusisha waya mara moja, zimekwisha. Kwa hiyo fundi aligeuza gari kwanza: betri akaizungusha ili hasi ije kwenye bodi, nyaya ndogo mbili za koili akazibadilishana, na za ampea-mita vivyo hivyo. Stata haikuguswa, kwa sababu mota ya aina ile inazunguka upande ule ule hata ukiigeuzia umeme.

Ndipo akateremsha dainamo. Ni ndefu, inashikwa na masikio mawili, mbele na nyuma. Alteneta ni fupi na nene, mguu wake haufiki sikio la nyuma. Alikata kipande cha bomba la chuma kuziba nafasi, akapitisha bolti moja ndefu, akachomelea mkono mpya wa kukazia juu. Kazi ya kuchomelea aliifanya alteneta ikiwa mezani na betri imefunguliwa. Mafundi wa haraka hawajali hilo, na ndiyo maana alteneta nyingi zinakufa kabla hazijachaji.

Kilichonivutia zaidi ni uzi. Alichukua uzi wa mshonaji, akauvuta kuanzia puli ya krenki, ukapita puli ya pampu ya maji, hadi puli ya alteneta, akafumba jicho moja. Uzi ulipinda pale mwisho, kiasi cha milimita nne. Mzee akasema mbona ni kidogo. Fundi akajibu kwamba hizo nne zitakula mkanda, na mkanda ukikatika njiani feni inasimama, pampu ya maji inasimama, injini inachemka. Akatoa bolti, akaongeza washa, akapima, akapunguza moja, akapima tena. Hakuridhika mpaka uzi ulipolala sawasawa kwenye puli zote tatu. Hata puli ya Corolla aliitoa akaweka nyingine, kwa kuwa mfereji wake ulikuwa mwembamba kuliko mkanda wa Land Rover. Mkanda wenyewe aliukaza hadi ukibonyezwa kwa dole gumba katikati unaingia kama sentimita moja na kitu. Ukikaza kupita hapo unaua beringi za pampu.

Nyaya hazikumchukua muda. Kile kisanduku cha zamani cha kudhibiti chaji alikiacha mahali pake kwa ajili ya sura, lakini hakina kazi tena. Waya mpya mnene, milimita za mraba 10, ulitoka alteneta moja kwa moja hadi betri, ukiwa na fyuzi yake. Hakuupitisha kwenye ampea-mita, kwa sababu ile inasoma ampea 30 tu, na mkondo wa alteneta ukipita pale dashibodi inaweza kushika moto. Plagi ya pini tatu ikapata nyaya zake: mmoja wa swichi, mmoja wa kusoma volti za betri, mmoja wa taa ya chaji. Taa hiyo alisisitiza iwe ya balbu ya kawaida. Kwenye alteneta nyingi umeme mdogo unaopita kwenye balbu ndio unaoiamsha, na vile vitaa vya kisasa vya LED mara nyingi havipitishi wa kutosha.

Mwisho akashughulikia bodi. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi likatengenezwa kwa aloi ya alumini juu ya chesesi ya chuma. Alumini na chuma vikigusana kwenye unyevu vinalana, na umeme unapata shida kupita. Alikwangua mahali pa waya wa hasi mpaka pakang'aa, akaongeza waya mwingine kutoka injini hadi chesesi. Aliniambia magari mengi yanayoletwa kwake kwa madai ya alteneta mbovu yana ugonjwa huo tu.

Tukawasha. Kabla ya kazi, injini ikiwa saileni na taa zimewashwa, mita ilisoma volti 11.7. Sasa, saileni ile ile, ikasoma 14.2, na taa zilipowashwa ikashuka hadi 13.9 ikatulia. Jamaa mmoja aliyekuwa akitazama akashauri betri ifunguliwe injini ikiwa inaunguruma, tuone kama alteneta kweli inachaji. Fundi alimzuia kwa mkono. Mchezo huo dainamo iliweza kuuvumilia. Alteneta inapandisha volti ghafla na dayodi zinaungua. Mzee alikaa ndani ya gari, akazima taa, akaziwasha, akazima, akaziwasha. Aliondoka kurudi Handeni giza limeingia.

Sasa yako. MGB ina mambo mawili ambayo Land Rover haina. Betri zake ni mbili za volti 6, nyuma ya viti, zimeunganishwa mfuatano, hivyo waya wa kwenda huko ni mrefu na viungo vyake ni vingi, vyote vikaguliwe. Pili, ile saa ya mizunguko ya injini kwenye dashibodi inajali chanya na hasi. Ukigeuza bodi bila kuifungua na kubadilisha nyaya zake za ndani, itakufa, nayo kuipata tena ni shida. Pampu ya petroli ikiwa ni ya zamani kabisa haitajali, lakini ikiwa imewahi kubadilishwa, mwonyeshe fundi kabla hajagusa betri. Ampea 70 huzihitaji. 40 au 45 zinakutosha na hazitausumbua mkanda.

Wapo watakaokuambia unaharibu gari la kumbukumbu. Waingereza wenyewe waliiwekea MGB alteneta kiwandani tangu mwishoni mwa 1967, kwa hiyo unalifanyia gari la mzee kile ambacho watengenezaji wake walikifanya. Nakuomba mambo mawili tu. Usikubali dainamo ibaki gereji: ipake mafuta, ifunge kwenye gunia, iweke stoo pamoja na braketi zake. Na kabla fundi wa huko Nairobi hajakata waya wowote, piga picha za nyaya zote na picha ya ile saa ya mizunguko, unitumie, nimwonyeshe huyu wa Korogwe nikiwa bado huku.

Wasalimie sana dada na watoto.

Wasalaam,
Shemeji yako