Buenos Aires: Maneno ya mtaani yaliyowakumbuka waliosahauliwa

Bila shaka umewahi kuiona picha ya Che Guevara. Imechorwa kwenye matatu na kupigwa chapa kwenye fulana za vijana. Lakini je, umewahi kujiuliza maana ya "Che"? Wazazi wake walimwita Ernesto. Alizaliwa mjini Rosario, nchini Argentina, na watu wa huko ni nadra kumwita mwenzao bila kutanguliza "che", kama sisi tunavyosema "we!" au "hebu". Alipokuwa ugenini, marafiki zake wa Kuba walilisikia neno hilo kinywani mwake kila mara hadi wakaligeuza kuwa jina lake.

Neno hilo moja latufungulia mlango wa Rio de la Plata, mto mpana ajabu unaotenganisha Argentina na Uruguay. Upande mmoja uko mji wa Buenos Aires na upande wa pili Montevideo. Wenyeji husema Kihispania, lakini ukienda na kile cha vitabuni utapigwa na butwaa. "Wewe" kwao si "tú" bali ni "vos". Kazi ni "laburo", basi la abiria ni "bondi", na kula ni "morfar". Ule uvivu wa kutotaka hata kutoka kitandani huitwa "fiaca". Lugha hii ya mtaani ina jina lake: lunfardo.

Ua mmoja, lugha kumi

Lunfardo ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, meli zilipokuwa zikimwaga wahamiaji kutoka Ulaya, hasa Italia. Wengi wa kutoka Genoa walikaa La Boca, mtaa wa bandarini ambao hadi leo una nyumba za mabati zilizopakwa rangi za kila aina. Ndiyo maana "laburo" inafanana na "lavoro", neno la Kiitaliano la kazi.

Mwaka 1871 homa ya manjano iliua watu wapatao 14,000 mjini humo. Matajiri walihama mtaa wa San Telmo, wakakimbilia kaskazini. Majumba yao yaligawanywa vyumba vya kupangisha. Familia nzima iliishi katika chumba kimoja, na wapangaji wote walitumia ua mmoja. Katika ua huo Mwitaliano, Mhispania, Mwafrika na mchunga ng'ombe kutoka mashambani walibadilishana maneno kama majirani wanavyoazimana chumvi.

Wakubwa hawakupendezwa. Mwaka 1879 Benigno Lugones, aliyewahi kuwa karani wa polisi, aliandika katika gazeti la La Nación kuhusu lunfardo kama lugha ya wezi. Serikali ya kijeshi iliyotwaa mamlaka mwaka 1943 ilipiga vita maneno hayo redioni, na nyimbo za tango zikalazimika kuandikwa upya kwa lugha "safi". Marufuku hiyo ililegezwa mwaka 1949, enzi za Rais Juan Perón. Kisha mambo yakageuka: mwaka 1962 wasomi waliunda akademia ya kuichunguza lunfardo!

Vijana wa mji huo pia hupindua maneno. "Café" huwa "feca", na "tango" huwa "gotán". Huu si mchezo mgeni kwetu. Waulize wazee wa Pwani kuhusu kinyume, ambapo silabi ya mwisho huletwa mbele na "nyumba" ikawa "mbanyu".

Ndugu wa Kiswahili

Sasa msomaji, tega sikio. Ukumbi wa kuchezea tango huitwa "milonga". Hilo ni neno la Kimbundu, lugha ya Angola, na maana yake ni "maneno". Kimbundu ni lugha ya Kibantu, sawa na Kiswahili. Ndiyo sababu neno hilo lina ile "mi-" ya wingi tunayoijua katika "miti" na "mikono", nasi tuna kitenzi "kulonga", yaani kuzungumza. Vivyo hivyo "mucama", mtumishi wa kike wa nyumbani, na "quilombo", neno ambalo Angola lilimaanisha kambi na ambalo leo Buenos Aires humaanisha vurugu, yametoka huko huko.

Yalifikaje? Yalifika katika minyororo. Mwaka 1778 Buenos Aires ilikuwa na watu wapatao 24,000, na karibu 3 katika kila 10 walikuwa weusi au machotara. Lakini sensa ya mwaka 1887 ilihesabu chini ya 2 katika kila 100. Wengine walikufa vitani na katika homa ya manjano. Wengine waliolewa au kuoa katika familia za wahamiaji, na wengi wakaanza kuandikwa kuwa weupe. Kwa miaka mingi watoto wa Argentina walifundishwa kuwa nchi yao haina watu weusi. Sensa ya taifa ya mwaka 2010 ilipouliza kuhusu asili ya Kiafrika, watu wapatao 150,000 walijitambulisha kuwa nayo. Mwaka 2022 idadi hiyo ilipita 300,000.

Ukifika San Telmo Jumapili, utakuta soko la vitu vya kale katika uwanja wa Plaza Dorrego. Watalii hununua sahani na saa za zamani huku wacheza tango wakizunguka. Si wengi wajuao kwamba mtaa huo na jirani yake Monserrat ndiko ngoma za Waafrika zilikovuma zamani.

Ng'ambo ya mto, Montevideo, ngoma hazikunyamaza. Mchezo wao wa candombe huongozwa na ngoma tatu: chico, repique na piano. Mwaka 1978, chini ya udikteta wa kijeshi, jumba la wapangaji la Mediomundo, lililokuwa kitovu cha wapiga ngoma, lilifungwa na kisha kubomolewa. Wapangaji walitawanywa, lakini ngoma ziliendelea. Leo tarehe 3 Desemba, siku ngoma zilipolia humo kwa mara ya mwisho, ni siku ya kitaifa ya candombe nchini Uruguay.

Mzazi unayesoma ukurasa huu, labda jana ulimkemea mwanao kwa kusema Sheng mezani. Hukukosea kumtaka ajue Kiswahili sanifu, kwani mtihani hausahihishwi kwa lugha ya mtaani. Lakini kabla ya kuliita neno lake takataka, muulize limetoka wapi na nani huliongea. Buenos Aires ilijenga mabaraza na barabara pana, ikawasahau Waafrika wake kwa zaidi ya karne moja. Waliowatunzia kumbukumbu ni watu wa kawaida waliokwenda "milonga" kila Jumamosi bila kujua kwamba wanaongea Kibantu. Kweli, asiyejua maana haambiwi maana, lakini neno lenyewe huisubiri siku ya kuulizwa.