Nilimsingizia Mteja

Kwa miaka mingi nilimwachia mteja wangu mmoja abebe kosa ambalo ni langu. Nywele zake zilikatikia kwenye sinki la saluni yangu, nami nikamwambia ni kwa sababu amezoea kulala na nywele mbichi. Aliniamini. Tena akaniomba radhi, yeye, kwa kunisumbua.

Ili nieleze nilichofanya, itabidi niingie ndani ya unywele kidogo, maana kosa lilizaliwa na elimu nusu niliyokuwa nayo.

Mama huyo alikuwa na nywele za relaksa zilizofika mabegani. Mdogo wake alikuwa anaolewa, naye akataka kalikiti ya kuzikunja. Sisi tuliojifunza kazi kwa wakubwa tulikanywa mapema: kalikiti haiwekwi juu ya relaksa. Nililijua katazo hilo, ila hakuna aliyewahi kunipa sababu yake. Na mimi nilikuwa mjuaji, nimesoma kemia hadi kidato cha nne, basi nikalitafutia hoja ya kulipita.

Hoja yenyewe haikuwa ya kijinga. Unywele ni protini iitwayo keratini, minyororo mirefu ya amino asidi iliyolazwa pamoja. Minyororo hiyo inashikana kwa namna kadhaa. Kuna vifungo hafifu vya haidrojeni, ambavyo maji tu yanatosha kuvilegeza; ndiyo maana nywele zilizonyooshwa kwa pasi hurudi zilivyokuwa mtu akitoka jasho kwenye daladala. Halafu kuna vifungo vya kovalenti, na hivyo maji hayaviwezi kabisa. Amino asidi iitwayo sisteini ina salfa. Salfa ya sisteini moja hushikana na salfa ya nyingine, na mkono ule wa salfa mbili, daisalfidi, ndio unaoupa unywele umbo na ugumu wake. Keratini ya nywele imejaa mikono hiyo.

Dawa ya kalikiti ni thioglaikoleti, ile yenye harufu ya mayai viza. Inaachanisha salfa mbili. Nywele zinakunjwa kwenye rola nyembamba, kisha inakuja nyutralaiza, ambayo ni haidrojeni peroksaidi au bromati, nazo salfa zinashikana upya zikiwa zimefuata mkunjo wa rola. Relaksa nayo nilijua inagusa mikono hiyo hiyo. Nikajiambia: kama relaksa iliiachanisha, nyutralaiza itaiunganisha. Dawa ni dawa.

Hapo ndipo nilipopotea. Relaksa haiachanishi salfa na kuziacha zisubiri kuunganishwa. Nguvu yake ni sodiamu haidroksaidi, kostiki soda ile ile ya watengeneza sabuni, yenye pH ya 12 hadi 14. Inaivunja daisalfidi na kuondoa salfa moja kabisa. Salfa iliyobaki inajishikiza kwenye kaboni ya mnyororo wa jirani. Kiungo kipya kinaitwa lanthionini. Mwaka 1941 wanakemia Horn, Jones na Ringel walikipata kwenye sufu ya kondoo iliyotiwa sodiamu kaboneti. Hata relaksa za kuchanganya, zile tunazowauzia wateja kama dawa ya wenye ngozi laini, huishia kwenye lanthionini hiyo hiyo. Ni kama mlango wenye komeo uliochomelewa na fundi: thioglaikoleti inajua kufungua komeo, kwenye mchomeleo haina la kufanya. Na ile shampuu inayofuata relaksa haiungi chochote, kazi yake ni kuua makali ya alkali.

Kwa hiyo nywele za yule mama zilikuwa tayari zimepoteza sehemu kubwa ya daisalfidi zake, na alkali ilikuwa imekwishaichosha protini yenyewe. Nilichokwenda kufanya ni kuachanisha zile chache zilizobaki.

Niligundua kabla sijatoa rola. Wakati wa kusuuza nilivuta unywele mmoja pembeni, juu ya sikio. Ukarefuka. Nilipouachia haukurudi, ukabaki umelegea, kisha ukakatika bila sauti. Nikavuta mwingine. Nilimwagia nyutralaiza nikijua haitasaidia, nikatafuta cha kuongea, nikaongelea harusi. Rola ya kwanza ilitoka na nywele zake zote. Msichana wangu wa kazi aliniangalia, nikamtuma akanunue maji.

Kisha nikasema lile neno la kulala na nywele mbichi. Lilitoka lenyewe, kama vile nilikuwa nimeliandaa. Nadhani mafundi wengi tunayo maneno ya namna hiyo, yamekaa tayari kwenye droo pamoja na vichanio: maji ya chumvi, mafuta mabaya, damu ya mtu, uzazi. Yote yana kaukweli kadogo ndani yake, ndiyo maana yanauzika. Alinyolewa fupi, akaenda harusini na kilemba.

Habari ya lanthionini nimekuja kuisoma baadaye sana, nilipoanza kufundisha wasichana kazi. Sikuweza kuwafundisha huku namficha yule mama. Siku hizi mwenye relaksa akitaka kalikiti namwambia akate au asubiri, na kwa nywele zinazokua kama sentimita moja kwa mwezi, kusubiri si mchezo. Wengine huniuliza mbona saluni fulani waliwawekea. Nawaambia warudi huko huko.

Juzi nimempigia yule mama. Nilimweleza yote, salfa na kostiki, nikamwambia, "Mama, ulikuwa uzembe wangu." Alinyamaza, kisha akauliza kama kulala na nywele mbichi kunakata nywele namna ile. Nikamwambia hapana. Akasema miaka yote hii anakaa chini ya draya mpaka kichwa kinamgonga, kwa ajili ya maneno yangu. Halafu akanikumbusha kwamba siku ile nilichukua hela yote, hata shilingi sikupunguza.

Nikamrushia kwenye simu, na ya kutolea.